Ndege za mbali: tuulize kwanza, kisha tupande



Mu mikutano yetu swali moja linarudi sana siku hizi. Kama ndege za kwenda Ulaya na Asia zitaanza kutoka mu miji ya majimbo, si Kinshasa tu, je, sisi walimaji tubadilishe mashamba? Wengine tayari wanasema tung'oe kahawa ya zamani, tupande maharagi mabichi, pilipili na maua ya kupakia mu ndege. Jibu letu ni hili: ndege ikija, karibu sana. Lakini hakuna mti hata mmoja wa kahawa wa kung'oa juu ya ndege ambayo haijatuandikia itabeba kilo ngapi.

Mazungumzo haya hayakuanza bule. Kweli makampuni ya ndege duniani yanatazama miji midogo, na sababu ni mashine yenyewe. Zamani, safari ya kilometa 7.000 au 8.000 ilihitaji ndege pana ya viti 250, 300 au zaidi. Mji mdogo hauwezi kuijaza kila siku. Leo kuna ndege nyembamba zinazofika mbali. Airbus A321XLR, ambayo kampuni Iberia ya Hispania iliirusha ya kwanza mwezi wa 11 mwaka 2024 kutoka Madrid kwenda Boston, inaweza kwenda kilometa karibu 8.700 na watu kama 200 tu. Kwa hiyo mji usio mkubwa sana unaweza kupata safari yake ya moja kwa moja.

Sasa tutazame tumbo la ndege hiyo, sababu mazao yetu hayakai mu viti. Ndege pana, kama Boeing 787, inaweza kubeba zaidi ya tani kumi za bidhaa chini ya abiria. Ile nyembamba ina nafasi ndogo. Safari ndefu inataka mafuta mengi, mizigo ya abiria inaingia kwanza, na bidhaa ndizo za mwisho. Siku abiria wamejaa, kartoni zetu zinabaki chini. Kahawa iliyokauka inaweza kungoja wiki ijayo. Maharagi mabichi hayangoji. Kumbe ile mashine inayoleta safari za mbali mu miji midogo njo ile ile yenye nafasi ndogo kwa mlimaji.

Kuna pia jambo la milima. Kwenye urefu mkubwa hewa ni nyepesi, na ndege haiwezi kuruka na uzito wote. Addis-Abeba iko mita zaidi ya 2.300 juu ya bahari. Ndiyo maana safari nyingi za Ethiopian Airlines za kwenda Marekani zimekuwa zikisimama njiani kuongeza mafuta. Kwetu, kiwanja cha Goma kiko mita karibu 1.500, na mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya njia yake ya kurukia. Tena kiwanja hicho kilifungwa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini. Mlimaji aliyekuwa amepanda kwa ajili ya ndege ya Goma peke yake angeuza wapi?

Tujifunze kwa majirani. Huko Tanzania, kiwanja cha Kilimanjaro kilifunguliwa mwaka 1971, katikati ya Arusha na Moshi. Ndege za KLM za Amsterdam zinatua pale miaka mingi, na nchi ya Arusha inalima mboga na maua mazuri. Lakini sehemu kubwa ya mazao hayo imekuwa ikipanda kamyo, inapita mpaka wa Namanga, na kwenda kupakiwa Nairobi, karibu kilometa 270. Sababu? Nairobi kuna ndege nyingi za mizigo, vyumba vya baridi, na mawakala wanaojua makaratasi. Ndege ya watalii iko karibu na shamba, lakini mzigo unaifuata nafasi, hata kama iko mbali.

Kenya nako kuna Eldoret. Kiwanja chake kilifunguliwa mwaka 1997, mu eneo la mahindi na maziwa, juu ya mita 2.000. Ndege za mizigo zinafika zimejaa nguo na vyombo vya umeme, kisha zinaondoka bila mazao ya walimaji wa pale. Miaka mingi viongozi wa kule wameomba njia ya kurukia irefushwe, ili ndege iweze kuondoka na mzigo kamili. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba kiwanja peke yake kinaleta soko.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme ndege inataka dolari 2 kwa kilo. Avoka unayouza nusu dolari kijijini inabeba gharama ya safari mara nne ya bei yake, bado hatujahesabu kartoni, baridi na zile zitakazooza. Hata Kenya, yenye ndege zote za Nairobi, inapeleka avoka zake nyingi kwa meli, mu kontena za baridi. Vanila ni kitu kingine. Tuseme kilo ya vanila iliyotayarishwa vizuri inauzwa dolari 40: zile dolari 2 za ndege ni 5 tu kwa kila 100. Ni mzigo mwepesi, haozi haraka, na thamani yake inatoka kwa mikono yetu, sababu kilo tano au sita za vanila mbichi zinatoa kilo moja tu iliyokauka. Kama wandugu wa Beni na Ituri wanataka kufikiria ndege, waanzie hapo.

Kahawa na kakao zitaendelea kwenda na meli. Kwa kooperative za upande wa Beni na Butembo, barabara ya Kasindi, inayopita Uganda mpaka bandari ya Mombasa, ina faida kuliko kiwanja kipya. Wakubwa wakituuliza tunataka nini, tusione haya kujibu: barabara kwanza.

Tusisahau kwamba ndege inaweza kusimama kwa siku moja. Mwezi wa 4 mwaka 2010, majivu ya volkano ya Islandi yalifunga anga ya Ulaya karibu wiki moja, na walimaji wa Kenya walitupa maua na mboga. Mwaka 2020, korona ilisimamisha ndege za abiria, na nafasi ya mizigo chini ya viti ikapotea pamoja nazo. Anayelima kwa ajili ya ndege lazima awe na soko la pili karibu na nyumbani.

Kwa hiyo, akija mtu na habari ya safari mpya na mbegu mpya, kooperative imuulize maswali matano, na majibu yaandikwe mu mkataba kabla ya kupanda:

1. Tunawekewa kilo ngapi kila safari, na siku ngapi kwa wiki?
2. Bei kwa kilo ni ngapi, takse zote zikiwa ndani?
3. Chumba cha baridi kiko wapi, na umeme ukikatika nani anawasha jenereta?
4. Nani anapima mazao na kutoa karatasi ya afya ya mimea? Tangu tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2019, Umoja wa Ulaya unaiomba kwa karibu matunda na mboga zote mbichi. Nanasi na ndizi ni kati ya chache zisizoombwa. Kwetu inatolewa na SQAV. Je, SQAV iko pale kiwanjani?
5. Safari ikifutwa na mazao yakaoza, hasara ni ya nani?

Mtu akijibu yote matano kwa maandishi, tujaribu na kipande kidogo cha shamba la kooperative, msimu mmoja, bila kugusa shamba la chakula la mtu yeyote. Akishindwa hata swali la tano peke yake, mujue kwamba hasara amewawekea ninyi. Mulete maswali haya mu mkutano mkuu unaokuja, na katibu aandike majibu mu kitabu cha kooperative, na jina la aliyeyatoa.