Mhasibu, Mwalimu na Watu Walio Nyuma ya Hesabu

Wako wanachuo wanaostaajabu wakisikia kwamba mtu anayesomea uhasibu hufundishwa, pamoja na leja na mizania, jinsi watu wanavyoenenda kazini na jinsi ya kuwaongoza. Ya nini yote hayo, huuliza, ikiwa hesabu ama zinalingana ama hazilingani? Lakini somo hilo lipo, wala si la juzi. Mtahiniwa wa ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza ambacho mitihani yake hufanywa pia hapa Afrika Mashariki, hukutana nalo katika ngazi ya kwanza kabisa: muundo wa shirika, uongozi, motisha, kazi za vikundi, mawasiliano. Mimi naliona kuwa ni somo la lazima kwa mhasibu. Naona pia kwamba aghalabu hufundishwa vibaya, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi analihitaji sawasawa na mhasibu, ingawa huenda akamaliza chuo bila kulisikia likitajwa.

Tuanze na mhasibu mwenyewe. Mwaka 1952 mtaalamu wa Kimarekani, Chris Argyris, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya athari za bajeti kwa watu viwandani. Hakwenda kukagua kama hesabu zilikuwa sahihi. Alikwenda kuwasikiliza wale waliosimamiwa kwa hesabu hizo. Aliyoyakuta yanasikitisha. Watu wa bajeti walionekana kuwa wamefanya kazi vema pale walipogundua kosa la msimamizi wa idara ya uzalishaji, na kosa hilo walilipeleka kwanza juu kwa wakubwa, kisha likamrudia msimamizi kwa sura ya karipio. Hivyo kufaulu kwa mmoja kulikuwa ndiko kushindwa kwa mwenzake. Wasimamizi nao wakajifunza kujikinga: kila mmoja akaitetea idara yake na kuitupia lawama idara ya jirani. Wafanyakazi wa chini, walipozidi kubanwa, waliungana dhidi ya wakubwa wao. Yafaa ikumbukwe kwamba tatizo hilo lisingeondoka kwa kujumlisha vizuri zaidi.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1972, Mwingereza Anthony Hopwood alitoa matokeo ya uchunguzi alioufanya miongoni mwa wakuu wa vitengo katika kampuni kubwa ya chuma huko Marekani. Aliwagawa mabosi katika mafungu. Wako waliouliza jambo moja tu mwisho wa mwezi: umevuka makisio, au hukuvuka? Wako waliozitazama tarakimu zilezile, lakini wakauliza sababu zake na kupima faida ya muda mrefu. Wako pia ambao hawakuzijali sana hesabu. Chini ya mabosi wa fungu la kwanza palikuwa na wasiwasi mwingi, uhusiano mbaya baina ya wenzi wa kazi, na tena taarifa zilizopindwa ili zipendeze. Chini ya mabosi wa fungu la pili gharama ziliangaliwa kwa makini vilevile, lakini maovu hayo hayakuonekana kwa kadiri ile. Tarakimu zilikuwa za namna moja. Kilichotofautiana ni namna ya kuuliza.

Isidhaniwe kwamba jambo hilo likaisha hapo. Mwaka 1978 David Otley, aliyechunguza mameneja wa migodi ya makaa ya mawe huko Uingereza, hakupata matokeo yaleyale. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba katika kiwanda cha chuma vitengo hutegemeana sana, bali mgodi mmoja hujitegemea zaidi, na kwa hiyo ni haki zaidi kumpima meneja wake kwa hesabu zake. Ubishi wa namna hii naupenda kuliko makubaliano mengi yanayonakiliwa vitabuni, kwa kuwa unatulazimisha tujiulize: shule, je, ni kiwanda cha chuma au ni mgodi? Mwalimu wa Darasa la Nne hupokea watoto waliofundishwa na wenzake. Mtoto asiyejua kusoma amekwisha kupita mikononi mwa walimu kadhaa kabla ya kumfikia yeye. Kwa maoni yangu shule ni kiwanda cha chuma, na yeyote anayempima mwalimu mmoja kwa alama za darasa moja hana budi kulikumbuka hilo.

Walimu wa Uingereza waliyaonja mambo haya zamani, kabla ya mtaalamu yeyote kuyaandikia kitabu. Mwaka 1862 serikali yao, kwa shauri la Robert Lowe, iliweka kanuni mpya ya kutoa ruzuku kwa shule za msingi. Shule ilipewa shilingi 4 kwa kila mtoto kwa wastani wa mahudhurio, na shilingi 8 nyingine kwa kila mtoto aliyehudhuria vya kutosha. Lakini katika hizo 8 zilikatwa shilingi 2 na peni 8 kila mara mtoto aliposhindwa kusoma, au kuandika, au kuhesabu mbele ya mkaguzi. Shilingi moja ilikuwa na peni 12. Piga hesabu, nawe utaona kwamba mtoto aliyeshindwa yote matatu hakuleta hata peni moja ya zile 8. Mhasibu yeyote angeisifu kanuni hiyo kwa unyofu wake. Matokeo yake ni kwamba watoto walikaririshwa kitabu cha kusomea hata wakaweza kukisoma bila kukitazama. Matthew Arnold, mshairi mashuhuri ambaye kazi yake ya mkate ilikuwa ukaguzi wa shule, alilalamika katika taarifa zake kwamba mtoto aliweza kuuvuka mtihani wa kusoma hali hajui kusoma. Kanuni hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30, hata ikavunjwavunjwa katika miaka ya 1890.

Sasa tutazame kwetu Tanzania. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, shule zimekuwa zikipewa ruzuku ya uendeshaji kwa kufuata idadi ya wanafunzi, na tangu elimu bila malipo ianze kutekelezwa mwaka 2016 fedha hizo zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Nia ni njema, nami siipingi. Lakini tazama kilichotokea: jina la mtoto katika daftari la mahudhurio liligeuka kuwa fedha. Mwaka huohuo wa 2016 uhakiki ulifichua maelfu ya wanafunzi hewa. Wengi walisema kwamba huo ni wizi, na wizi kweli ulikuwepo. Hata hivyo mhasibu aliyefundishwa vizuri habari za watu huongeza swali la pili. Mwalimu anayelifuta jina la mtoto aliyehama anapata nini? Asiyelifuta, je, anapoteza nini? Ikiwa mwaminifu hupunguziwa chaki na mzembe huongezewa, basi ubovu haumo katika nyoyo za watu peke yake. Umo pia katika utaratibu.

Shule nyingi za msingi hazina mhasibu. Daftari la fedha, hati za malipo na stakabadhi huwa mikononi mwa mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye, na mwaka 2017 uliongezeka mfumo wa taarifa za fedha uitwao FFARS. Semina zinazotolewa hufundisha namna ya kujaza. Ni nadra kufundisha namna ya kumdai stakabadhi mwalimu mwenzako aliyekuzidi umri, ambaye pengine ndiye aliyekufundisha kusoma. Au namna ya kumwambia mjumbe wa kamati ya shule, mzee anayeheshimiwa kijijini kote, kwamba hundi haisainiwi kabla haijaandikwa. Mambo haya ndiyo yanayowashinda vijana wetu, si kujumlisha.

Tena hapo pana hatari ya kweli. Donald Cressey, Mmarekani, alizungumza na wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa, akachapisha kitabu chake mwaka 1953. Wengi wao hawakuanza kazi kwa nia ya kuiba. Aligundua mambo matatu yaliyoandamana: shida ya fedha ambayo mtu aliona hawezi kumwambia yeyote, nafasi ya kuitatua kwa siri kwa sababu ya kuaminiwa, na maneno ya kujiridhisha nafsi, mathalani kwamba anakopa tu, atarudisha. Yeyote aliyekaa katika ofisi ya shule anayajua maneno hayo kwa Kiswahili chake: “Mwisho wa mwezi nitazirudisha.” Kufuli la kasha huzuia jambo la pili tu. La kwanza huzuiwa na shule ambayo mwalimu anaweza kusema mbele ya wenzake kwamba mtoto wake ni mgonjwa na hana fedha ya dawa. Kwa hiyo mkuu anayeongoza kwa vitisho hukaribisha upotevu wa fedha hata kama anahesabu senti kila jioni. Mwalimu kijana akifukuzwa kazi kwa fedha ndogo, darasa la watoto wengi hukaa bila mwalimu. Hasara hiyo haiandikwi katika leja yoyote.

Nimesema kwamba somo hili aghalabu hufundishwa vibaya. Mkufunzi huingia na orodha: Maslow na ngazi zake tano za mahitaji, McGregor na nadharia zake mbili, Herzberg na mafungu yake ya mambo. Pembetatu ya Maslow huchorwa ubaoni, hunakiliwa, hukaririwa, hujibiwa katika mtihani. (Makala ya Maslow ya mwaka 1943 haina pembetatu hiyo, wengine waliichora baadaye, nayo imeenea kuliko makala yenyewe.) Mhasibu hutoka hapo akijua majina ya watu wasiopungua saba, asijue la kumwambia karani anayelia. Kumfundisha mtu uongozi wa watu kwa kukaririsha ni kufanya kama walivyofanya walimu wa enzi za Lowe.

Mimi ningeanza na karatasi. Kila hati ya fedha ina watu ndani yake: aliyeomba, aliyeidhinisha, aliyelipa, aliyepokea. Mkufunzi achukue kisa kimoja kidogo na kukikalia dakika 80. Natoa mfano, nanyi wanachuo mnaweza kuujaribu wenyewe kwa wenyewe kabla ya mazoezi ya kufundisha. Mwalimu kijana ameteuliwa kutunza fedha za shule. Mwalimu mwandamizi, aliyemfundisha alipokuwa Darasa la Tano, amepewa masurufu ya shilingi 120,000 akanunue chaki, karatasi za mitihani na kitasa mjini. Amerudi na vitu vyote. Stakabadhi alizoleta zinafika shilingi 97,500. Nauli ya shilingi 10,000 haina stakabadhi. Masalio hakuyataja.

Sehemu ya kwanza ya zoezi ni kutafuta kiasi kinachokosekana. Ni shilingi 12,500, na jibu hilo hupatikana upesi. Sehemu ya pili ni kuandika sentensi tatu za kwanza ambazo kijana atamwambia mzee wake, na kutaja mahali atakapozisemea. Hapa darasa hugawanyika. Wako watakaosema apelekewe mwalimu mkuu taarifa mara moja. Hao ndio watu wa bajeti wa Argyris, nao waonyeshwe hivyo. Wako watakaosema anyamaze kwa kuwa ni mzee wake. Hao wanamfungulia mlango mtu wa Cressey. Wachache wataandika jambo lenye utu na lenye hesabu pamoja, mathalani: “Shikamoo, mwalimu. Nakamilisha hati ya masurufu kabla ya kamati kukutana, nami sitaki jina lako lisomwe likiwa na pengo. Tukae tuzipange stakabadhi pamoja?” Yafaa sentensi hizo zisomwe kwa sauti, maana heshima ya Kiswahili haionekani yote katika maandishi, “shikamoo” ya kebehi ni tusi.

Sehemu ya tatu ni igizo. Wawili wakae mbele, meza moja kati yao, hati juu ya meza. Baada ya dakika 10 wabadilishane viti, na safari hii mkufunzi amnong’oneze anayeigiza mwalimu mwandamizi kwamba zile shilingi 12,500 zilinunua dawa ya mtoto wake, na kwamba hajamwambia mtu yeyote. Mwenzake asijulishwe. Hapo mkufunzi akae nyuma ya darasa na kuandika kila swali ambalo mtunza fedha anauliza.