Bao la Kompyuta Halitoshi Kumfundisha Mwanafunzi

Katika vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde, kama vile Chilangala wilayani Newala, si lazima kuwa na ubao wa kuchongwa ili kucheza bao. Udongo ni wa kichanga. Mashimo 32 huchimbwa chini ya mkorosho kwa muda mfupi, kete zikatafutwa, watu wakaketi. Kijana aliyetaka kujifunza alichuchumaa pembeni, akatazama, akachekwa alipokosea, na hatimaye akapewa nafasi. Siku hizi kijana huyo aweza kujifunza bao kwa kushindana na programu ya kompyuta iliyomo katika simu. Programu haichoki wala haimcheki mtu. Hapana shaka walimu wengi wa hisabati wataikaribisha, lakini yafaa kwanza ichunguzwe ni kitu gani hasa kinachofunzwa.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Wakati wa namua hutia kete moja moja. Za mkononi zikiisha, mchezo huingia katika mtaji. Ugumu haumo katika sheria hizi, bali katika kuzigawa kete. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, kwa kawaida zamu haikomi: mchezaji hula za mpinzani zilizoelekeana nalo, au, kama hazipo, huzichota zilizomo na kuendelea kugawa, mpaka kete ya mwisho ilale katika shimo tupu. Hivyo uamuzi mmoja huweza kuuzunguka ubao mara kadhaa, na bingwa huuona mwisho wa safari hiyo kabla hajagusa kete. Uwezo huo ndio aliouchunguza Mholanzi Alex de Voogt miongoni mwa mabingwa wa Zanzibar, katika tasnifu yake ya mwaka 1995.

Programu humwondolea mwanafunzi kazi hiyo. Yeye hugusa shimo moja, nazo kete hujigawa zenyewe, huku idadi ikiandikwa kwa tarakimu kando ya kila shimo. Matokeo anayaona, lakini hakuyakokotoa. Aweza kuishinda mashine mara nyingi kwa kubahatisha, kisha akiketishwa chini ya mkorosho akapotelewa na hesabu katika mzunguko wa pili.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta ni mwalimu bora kwa sababu hucheza kuliko binadamu. Ni kweli kwamba mwaka 1997 mashine iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal, huko Amsterdam, walikokotoa hali zote 889,063,398,406 za awari, ndugu wa bao mwenye safu mbili kutoka Afrika Magharibi, wakathibitisha kuwa wachezaji wasiokosea hutoka sare. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini orodha ya majibu, hata iwe ndefu namna gani, haimfundishi mtu kukokotoa. Wahenga wa mchezo huu walilitambua jambo hilo: lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili, bila namua, ili anayeanza azoee kwanza kugawa na kuhesabu. Yaani ufundishaji wa jadi ulianzia palepale ambapo mashine inamfanyia mwanafunzi kazi.

Faida kubwa zaidi ingepatikana kama mwanafunzi angeitunga programu yeye mwenyewe, hata kwa hatua zilizoandikwa daftarini tu. Hapo ndipo atakapolazimika kwenda kwa wazee na kuuliza: nyumba huvunjwa lini? Ni nani aruhusiwaye kusimama hapo, na nani hulazimika kuendelea? Tena atakuta tatizo zuri la kisayansi, kwani katika bao huweza kutokea mtaji usiokoma: kete zikazunguka bila kulala kamwe. Wazee huliona hilo na kukubaliana. Mashine itaendelea kugawa mpaka umeme uishe, isipokuwa mtungaji ameiagiza ikumbuke kila hali iliyopita, na isimame hali ileile ikirejea katika shimo lilelile. Isitoshe, sheria hutofautiana toka mahali hadi mahali, na programu hubeba zile tu alizozijua aliyeitunga. Kijiji ambacho sheria zake hazikuandikwa na mtu yeyote kitakuta vijana wake wanacheza za kwingine.

Mpaka hapo, mwalimu aliye na simu moja na darasa la watu arobaini aweza kuweka sharti moja. Mashimo yachimbwe uwanjani, mchezo wa kwenye kioo unakiliwe humo kwa kete halisi, na mtu asiguse kioo kabla hajataja kwa sauti shimo ambamo kete yake ya mwisho italala.