Bandari Isiyo na Gudi

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniletea karatasi nne. Baada ya shikamoo akasema, “Babu, nisahihishie Kiswahili chake.” Nilidhani ni insha ya shule. Kumbe zilikuwa sheria za mchezo wa kompyuta, ambazo amewafasiria wenzake ili wacheze kwa lugha yao.

Mchezo wenyewe ni Hearts of Iron IV, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Paradox ya Sweden. Wao huucheza katika toleo la mashabiki liitwalo Kaiserreich, ambalo limejengwa juu ya dhana moja: kwamba Ujerumani ilishinda Vita Kuu ya Kwanza. Humo Wajerumani hawakuondoka Afrika, bali wana koloni kubwa waliloliita Mittelafrika. Hii ndiyo historia mbadala: kuuliza “lau ingekuwa” na kulifuata jibu hadi mwisho wake.

Karatasi zile zilihusu ujenzi wa pwani. Sheria ni kali na zimepangika. Kituo cha manowari hujengwa penye ufuko tu. Kina madaraja, tangu la 1 hadi la 10, na kila kikipanda daraja hupitisha shehena zaidi kwa ajili ya majeshi. Meli hujisitiri humo na kutengenezwa humo. Mahali pa kuundia meli mpya ni jengo jingine kabisa, na ngome ya kuilinda pwani ni jengo la tatu. Mchezaji anayeyachanganya haya hushindwa mapema.

Mjukuu wangu aliyachanganya. Si kwamba hakuzielewa sheria, ila majengo mawili ya kwanza aliyaita kwa jina moja: “bandari”. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa adabu, “Babu, Kiswahili hakina maneno mengine.”

Jibu hilo lilinichoma, kwa kuwa nina hisa katika kosa lake. Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja wa pwani aliandika insha kuhusu kazi ya baba yake, akatumia neno “gudi”. Nilipitisha kalamu nyekundu juu yake, nikaandika pembeni: “bandari”. Sikufungua kamusi, wala sikumwita nimuulize. Gudi ni mahali chombo kinapoingizwa kutengenezwa, na bandari ni maji ya kutia nanga. Yeye alikuwa sahihi, mimi nikamfundisha kutojua. Naye alikwenda kufundisha wengine.

Kama kuna anayeona kuwa tofauti hiyo ni ndogo, na arejee historia ambayo haikuwa mbadala. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na manowari moja kubwa katika pwani yetu, Königsberg. Iliondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai. Siku chache baadaye Waingereza walipoisogelea bandari, Wajerumani walilizamisha gudi lao lenyewe, lile linaloelea, mlangoni mwa bandari ili kuuziba. Bandari ikalindwa, gudi likapotea, na manowari yao ikabaki nje.

Tarehe 20 Septemba Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapo Unguja, ilipokuwa imesimama kwa matengenezo. Kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika, ikajificha katika delta ya Rufiji. Maji ya kujisitiri ilikuwa nayo tele. Gudi haikuwa nalo. Ikabidi vipande vya mitambo vibebwe nchi kavu kwa nguvu za Waafrika hadi karakana za Dar es Salaam, kisha virudishwe. Wakati huo Waingereza wakaugundua mficho na kuizingira. Tarehe 11 Julai 1915 ikafia mtoni, na mizinga yake 10 ikatolewa kwenda kupigana nchi kavu.

Hapo ndipo ninapoilaumu hata sheria ya mchezo. Inatenganisha uundaji na matengenezo, na hilo ni jema, lakini inaunganisha bandari na gudi katika jengo moja. Kwa sheria hiyo mkasa wa Rufiji haungeweza kutokea. Ningekuwa mtunzi wake, ningeyatenga. Nami nisingeuona upungufu huo kama nisingekuwa na maneno mawili. Hii ndiyo hoja yangu: anayepoteza neno hupoteza pia jicho la kuonea.

Tena maneno tunayo. Kitenzi “kuunda”, ambacho leo tunakitumia kwa kamati na serikali, kilihusu hasa kazi ya mbao na vyombo vya baharini, na fundi wake ni mwunzi. Kama tunavyosema machimbo kwa mahali pa kuchimba na malisho kwa mahali pa kulisha, napendekeza tuseme “maundio” kwa mahali pa kuundia meli. “Chelezo” lilikuwa boya. Leo Mwanza hulitumia kwa mahali ambapo meli hupandishwa kutengenezwa. Mombasa, jina la Kilindini ni sheria tosha: penye kilindi, penye maji mengi. Kwa kilindi hicho, mwaka 1942 Waingereza walihamishia huko kundi lao la manowari za Bahari ya Hindi baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon.

Nasi washairi tunajua kwamba neno “kina” lina pande mbili. Bandari isiyo na kina haipokei meli kubwa, na ubeti wa kimapokeo usio na kina haupokelewi barazani. Sheria za mchezo na arudhi zafanana kwa hili: zote mbili zinamlazimisha mtu atafute neno lililo sawasawa, si lililo karibu.

Karatasi nimezirudisha zikiwa na “kituo cha manowari”, “maundio” na “ngome ya pwani”, na ombi kwamba waongeze “gudi” hata kama mchezo haukuliweka. Mwanachuo wangu wa zamani sijui yuko wapi. Akiyasoma haya, naomba radhi. Alama yake nairudisha. Nanyi wa Lamu, wa Kilwa na wa maziwa, msingoje kalamu nyekundu ya mtu kama mimi. Andikeni maneno ya kazi za wazee wenu.

Bandari yataka gudi, meli ipate kupona,
Mawimbi yanapozidi, nahodha huomba kina,
Na lugha haina budi, kulinda yake majina,
Chombo bila pa kurudi, huzama hata mchana.