Harufu ya Klorini Siyo Usafi, Tusidanganyane

Jamani, mwenzenu yamenikuta. Mwezi uliopita shoga yangu alikuwa anasherehekea siku ya kuzaliwa, tukaamua kwenda kujimwaga kwenye hoteli moja hapa Dar (jina nalihifadhi). Kiingilio tukalipa, tena siyo kidogo. Tukaogelea weee, halafu tukajazana watu saba kwenye jakuzi. Maji ya moto, mapovu, vicheko, raha mustarehe. Siku ya pili yake nikaamka na vipele vyekundu vinavyowasha kama upupu, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana. Daktari aliviangalia, akauliza swali moja tu: "Uliingia kwenye jakuzi?"

Nikarudi kule hotelini. Siyo kugombana, kuuliza. Kijana anayehudumia bwawa akanijibu kwa upole, "Dada yangu, maji yetu masafi. Si unasikia yanavyonuka dawa?" Nikamuuliza wanapima na nini. Akacheka. "Kwa macho, dada. Kopo moja asubuhi, wikiendi makopo mawili."

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Ile harufu kali inayochoma macho siyo dalili ya usafi. Klorini ikikutana na jasho na mkojo inageuka kuwa kitu kingine, na hicho ndicho kinachonuka. Bwawa linalotunzwa vizuri halinuki hivyo. Kwa hiyo tukisifia "maji yana dawa", mara nyingi tunasifia uchafu wetu wenyewe!

Na jakuzi ni balaa zaidi. Maji yake ni machache, watu wamebanana, joto na mapovu vinaimaliza klorini haraka. Ndiyo maana wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri klorini isipungue miligramu 3 kwa lita kwenye jakuzi, wakati bwawa la kawaida linatosheka na 1. Kipimo cha pH nacho kiwe kati ya 7.0 na 7.8. Kikipanda hadi 8, sehemu kubwa ya klorini inakuwa dhaifu, hata umwage ndoo nzima. Sasa niambieni, jicho gani la binadamu linaona pH?

Mnadhani ni vipele tu? Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi liliwekwa kwenye maonyesho ya maua. Hata kuingia watu hawakuingia. Walipita tu karibu, wakavuta mvuke wenye bakteria wa Legionella. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Kwa maonyesho ya maua!

Najua kuna wadau watasema: nchi inapambana na kipindupindu, wewe unalilia jakuzi? Nawajibu hivi. Dawa ni ileile. Mama wa uswahilini anafundishwa kuhesabu vidonge vya kutibu maji kwenye ndoo ya lita 20, wala hakadirii kwa macho. Iweje hoteli yenye fedha ya kununua jakuzi ikadirie kwa kopo? Vijikaratasi vya kupimia unachovya, unasubiri sekunde chache, unalinganisha rangi. Basi.

Wala simlaumu yule kijana. Hana kipimo, hana glavu, anavuta vumbi la ile dawa kila asubuhi, na mgeni akilalamika yeye ndiye wa kwanza kufokewa. Wa kulaumiwa ni mwenye hoteli, anayejua kuhesabu viingilio lakini hajui kilichomo kwenye maji yake.

Na sisi tusijifanye malaika. Nani kati yetu saba alioga kwanza? Hakuna. Tuliingia na losheni, jasho la foleni na mafuta ya nywele. Wengine, Mungu anawaona, wanakojoa humo humo.

Ombi langu ni dogo: kila bwawa la kulipia liwe na ubao. Klorini ngapi, pH ngapi, imepimwa saa ngapi, na nani. Mgahawa unaandika bei ya chipsi ukutani, hili linashindikana nini? Na wewe msomaji, kabla hujavua viatu, uliza: "Mmepima saa ngapi?" Wakikuonyesha harufu, omba fedha yako, rudi nyumbani ukaogee ndoo.

Naomba kutoa hoja.