Chupa ya Ulaya, figo za Kolwezi

Hapa Manika, mjini Kolwezi, huniita Munganga, yaani daktari, ingawa kazi yangu ni uuguzi. Ndiyo maana dawa yoyote inayofika katika begi la mgeni kutoka Ulaya huletwa kwangu, nisome karatasi yake ya Kifaransa. Siku hizi naletewa sana vitamini D. Mama mmoja jirani alitumiwa chupa na mdogo wake wa Liège, Ubelgiji, mgonjwa wa maltipo sklerosisi, yaani MS: kinga ya mwili hushambulia utando wa mishipa ya fahamu, miguu ikawa mizito, macho yakafifia. “Munganga, mdogo wangu ameandikiwa na daktari, itanidhuru nini?” Yeye mwenyewe anaumwa magoti.

Mdogo wake ana sababu. MS huwapata zaidi watu wa nchi zenye jua hafifu, na ngozi nyeusi huko hutengeneza vitamini D kidogo. Majaribio ya vitamini D kwa MS nayo yamepishana. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2023 lilionyesha kuwa yuniti 5,000 kwa siku hazikupunguza marudio ya ugonjwa kuliko yuniti 600. Jaribio la Ufaransa, D-Lay MS, la mwaka 2025, liliwapa watu waliopata shambulio la kwanza yuniti 100,000 kila wiki mbili kwa miaka miwili. Ugonjwa ulijitokeza tena kwa asilimia 60 yao, dhidi ya 74 kwa waliopewa dawa bandia, na hakuna madhara mazito yaliyotokana na vitamini hiyo. Lakini hao walikuwa mikononi mwa madaktari wa hospitali muda wote.

Kwa mtu mzima asiye na daktari wa kumfuatilia, kikomo kinachotajwa Ulaya na Marekani ni yuniti 4,000 kwa siku. Vitamini D haitoki upesi na mkojo kama vitamini C. Hujificha kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi, kalsiamu hupanda katika damu na kuumiza figo. Mtu huona kiu, hukojoa mara kwa mara, hukosa choo, huchoka, misuli hulegea, akili huchanganyika. Sasa msomee mgonjwa wa MS orodha hiyo: nusu yake anaijua tayari. Atadhani ugonjwa umepanda, ataongeza matone, na figo zitaendelea kuharibika kimya kimya. Hilo ndilo linalonitisha kuliko jingine lolote.

Brazil wako madaktari wanaowapa wagonjwa wa MS makumi ya maelfu ya yuniti kila siku. Siungi mkono, ila hata wao huwakataza maziwa na jibini kwa sababu ya kalsiamu, huwanywesha maji mengi na kuwapima damu na mkojo. Sisi jibini hatuna, lakini kapenta, dagaa wetu, tunaitafuna na mifupa yake yenye kalsiamu.

Na figo zetu? Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga, vilivyoonyesha wingi wa kobalti, kadimiamu, risasi na urani. Mwaka 2018 wakachapisha vipimo vya Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi wenye mashimo ya kobalti hadi ndani ya nyua. Kadimiamu na urani hushambulia figo. Ongeza dawa za presha za kundi la thiazidi, ambazo wazee wengi wanameza na ambazo huzuia kalsiamu isitoke na mkojo.

Pale Musompo, soko la madini, hakuna anayenunua mfuko wa mawe kabla ya metorex, kile kifaa cha kupimia madini, kusoma asilimia ya kobalti. Mwenye farmasi anayeuza ampuli ya yuniti 100,000 naye aulize kwanza: unatumia dawa gani nyingine, figo zako zilipimwa lini? Mwenye MS asiache dawa zake wala asiogope dozi ndogo. Anayetaka kuvuka 4,000 apime kwanza kalsiamu na kreatinini, kipimo cha figo, na apime tena akishaanza. Mama wa magoti hahitaji chupa hiyo; jua la Kolwezi analipata bure sokoni kila siku.