Likizo ya siku tatu Busisi: Panga milo kwanza, matembezi yatafuata

Familia nyingi zinapopanga likizo fupi huanza na orodha ya mahali pa kwenda. Baba anataka kuona daraja, watoto wanataka wanyama, mama anataka siku moja asisimame jikoni. Orodha inajaa, siku hazitoshi, na suala la chakula linaachwa lijipange lenyewe njiani. Matokeo yake yanajulikana: saa nane mchana mtoto wa miaka mitatu analia njaa, wazazi wananuniana, na pesa ya siku mbili inaishia kwenye mlo mmoja ulioagizwa kwa haraka.

Kwa safari fupi, utaratibu wa kinyume unafaa zaidi. Milo ihesabiwe kwanza, kisha matembezi yapangwe katikati yake.

Chukua mfano wa familia ya watu watano inayotoka Shinyanga kwenda Busisi, wilayani Sengerema, kumwona bibi. Watoto wana miaka 13, 9 na 3. Wanafika Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi. Hapo kuna milo minane: mmoja Ijumaa usiku, mitatu Jumamosi, mitatu Jumapili, na chai ya Jumatatu. Swali la kwanza ambalo wazazi wanapaswa kujiuliza ni hili: katika milo hiyo minane, mingapi ni ya bibi?

Wengi hawajiulizi. Wanampigia simu kumwambia wanakuja, naye anaanza maandalizi. Anatafuta kuku, anamfunga mguu, anatwanga karanga, anatoa michembe na matobolwa aliyoyaanika tangu msimu wa viazi. Wageni wanafika, wanalala, asubuhi wanaondoka kwenda Mwanza mjini na kurudi usiku wakiwa wameshiba. Kesho yake hivyo hivyo. Kuku anabaki amefungwa mguu, na bibi hasemi kitu. Ila mwaka unaofuata akipigiwa simu, sauti yake haina ile furaha.

Daraja limeondoa kisingizio

Zamani kivuko ndicho kilichopanga ratiba. Magari yalipanga foleni Kigongo, upande wa Misungwi, na ukikuta msururu mrefu ulisubiri hadi zamu yako ifike. Hakuna aliyediriki kuvuka mara mbili au tatu kwa siku kwa ajili ya matembezi. Aliyefika Busisi alitulia Busisi.

Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza, kuvuka ni jambo la dakika chache. Ni raha kubwa, hasa kwa wagonjwa na wajawazito waliokuwa wakikesha kandokando ya maji. Lakini kwa familia iliyo likizoni, raha hiyo ina mtego wake: kwa kuwa kwenda mjini ni rahisi, kila siku inakuwa ya kwenda mjini. Nyumba ya bibi inageuka gesti ya kulala.

Kwa familia ya mfano wetu, mgawanyo unaofaa ni huu: milo sita kwa bibi, mmoja Mwanza mjini, na mmoja kwa mama lishe wa hapo hapo Busisi. Bibi aambiwe mapema, kwa siku na saa: "Mama, Jumamosi mchana hatutakuwepo, lakini usiku tunakula kwako. Kuku aje Jumapili mchana." Mpishi aliyeambiwa hivyo hapiki chakula kikapoa, wala hakai akichungulia barabarani.

Siku ya mjini iwe moja, na iwe na jambo moja

Wanaotoka Shinyanga huachana na barabara ya Mwanza pale Usagara na kuelekea Kigongo, hivyo Ijumaa hakuna haja ya kuingia mjini kabisa. Mjini kupewe Jumamosi, na siku hiyo ichaguliwe sehemu moja kubwa, si tatu.

Kwa watoto wadogo, Kisiwa cha Saanane kinafaa. Kiko karibu na Capri Point, na boti hufika kwa muda mfupi. Kisiwa kimepewa jina la Saanane Chawandi, mkazi wake wa zamani. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Huko kuna swala, tumbili, pimbi na mijusi ya rangi juu ya mawe makubwa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kukizunguka bila kuchoka. Wa miaka mitatu atabebwa baadhi ya sehemu. Mawe hushika joto, kwa hiyo kwenda asubuhi ni bora kuliko mchana, na viatu vya kufunga ni bora kuliko kandambili.

Viingilio vya hifadhi za taifa hutofautiana kwa raia na wageni wa nje, na watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Mzazi aulize kiwango cha siku hiyo na namna ya kulipa kabla ya kuondoka nyumbani, aongeze nauli ya boti, kisha ndipo aseme kama pesa inatosha.

Kwa familia yenye vijana, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yana mengi zaidi ya kusimulia. Yalianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kijana atajifunza kuhusu watemi na ngoma zao, na habari za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana kwa vizazi. Kwa mtoto ambaye babu zake ni Wasukuma na yeye hajui hata kusalimia kwa Kisukuma, saa mbili za Bujora zina uzito kuliko picha mia za ufukweni. Lakini Kisesa iko upande wa pili wa jiji, kwenye barabara ya Musoma. Kuunganisha Bujora na Saanane katika siku moja kunawezekana kwenye karatasi tu. Wazazi wachague moja, na wawaambie watoto wazi kwamba nyingine ni ya safari ijayo.

Serengeti nayo itatajwa, maana lango la Ndabaka liko kwenye barabara hiyo hiyo ya Musoma. Ni mbali mno kwa siku moja yenye mtoto wa miaka mitatu. Likizo fupi huharibiwa zaidi na kilichoongezwa kuliko kilichoachwa.

Samaki hapikwi kwa dakika kumi

Mlo wa mjini wengi watataka uwe samaki, nao una kanuni zake. Sato mzima huuzwa kwa ukubwa. Mzazi aonyeshwe samaki na atajiwe bei kabla hajaingia kwenye mafuta, si baada ya kuliwa. Samaki wawili wakubwa wa kugawana mara nyingi hutosha watu watano kuliko kila mtu kuagiza wake, kwa kuwa watoto huacha nusu. Kwa mtoto mdogo, minofu ya sangara ni salama zaidi kwa sababu ni rahisi kuitoa miba; sato achambuliwe na mtu mzima.

Jambo la pili ni muda. Samaki wa kuchoma na ugali wake huweza kuchukua saa nzima, hasa Jumamosi. Familia iagize kwa simu kabla ya kupanda boti ya kurudi kutoka kisiwani, au ibebe ndizi na karanga za kutuliza tumbo.

Mlo wa Busisi uwe Jumapili jioni. Akina mama lishe wa upande ule waliishi kwa foleni ya kivuko. Abiria aliyesubiri ndiye aliyenunua samaki, mahindi ya kuchoma na chai. Sasa magari yanapita bila kusimama. Familia inayokaa kula pale inawaacha watoto wake waone kwamba maendeleo huleta faida huku yakimhamisha mtu mwingine riziki. Ni somo ambalo kijana wa miaka 13 ana umri wa kulielewa.

Tena jioni hiyo ina onyesho lisilo na kiingilio. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa majini, na ziwa hugeuka kama mji. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, kwa sababu dagaa hawaifuati taa vizuri. Mzazi anayeweza kuchagua tarehe atazame mwezi kabla ya kukata tiketi.

Asubuhi pia kuna la bure. Jua huchomoza upande wa Kigongo, na daraja huonekana vizuri kutoka Busisi. Daraja lina njia za waenda kwa miguu, lakini wazazi wakumbuke hesabu: kilomita tatu kwenda ni sita kwenda na kurudi. Kipande kifupi kinatosha. Kusimamisha gari katikati ya daraja ili kupiga picha ni hatari kwa familia na kwa wengine.

Maji ya ziwa si bwawa la kuogelea

Hapa ndipo likizo inaweza kugharimu zaidi ya pesa. Watoto wakiona ziwa watataka kuingia. Maji ya kina kifupi yenye majani, yale yanayoonekana salama, ndiko wanakoishi konokono wa kichocho. Vimelea hupenya kwenye ngozi bila mtoto kusikia chochote, na dalili huja wiki au miezi baadaye: tumbo kuuma, damu kwenye choo au mkojo, uchovu usioeleweka. Mtoto aliyekwisha kuingia apelekwe kituo cha afya na mzazi amwambie mhudumu waziwazi kwamba aliogelea ziwani. Dawa ipo. Maji ya kuogea yaliyotekwa ziwani yachemshwe kwanza. Mamba na viboko nao ni sababu za kutosha.

Ugumu uko kwa bibi, atakayesema, "Sisi tulikulia humu humu." Ana haki ya kusema. Si busara mkwe kumjibu mbele ya watoto. Anayepaswa kulizungumza ni mtoto wake wa kumzaa, faraghani, kabla ya siku ya kwanza kuisha. Kauli ya "Mama, daktari wao amekataza" hulinda heshima ya wote.

Kwenye boti, kila mtoto avae jaketi okozi linalomtosha, hata safari ikiwa fupi. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu kabisa na Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Boti ikionekana imejaa, familia ishuke na kusubiri nyingine. Mtoto akilalamika kwamba amechoka kusubiri, acha alalamike.

Siku ya tatu, jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika likizo hii siku ya tatu ni Jumapili, na usemi huo unafaa uchukuliwe kama ulivyo. Baada ya ibada, watoto wasipelekwe popote. Wa miaka 13 akachanje kuni, wa miaka 9 achambue dagaa na bibi, mdogo afukuze kuku. Kuku aliyefunguliwa mguu ataliwa mchana huo, na watoto watajua ametoka wapi.

Wazazi wanaweza kudhani watoto wataona wamepoteza siku. Lakini kwenye kuchambua dagaa ndipo bibi husimulia. Atataja majina ya ukoo, atasimulia babu alivyovuka ghuba kwa mtumbwi, atamwambia mjukuu anafanana na nani. Mambo hayo hayauzwi getini, na aliyeyabeba ana umri wake. Daraja litakuwepo mwaka ujao na Saanane hakihami. Kwa hiyo mzazi akiona bajeti au siku hazitoshi, apunguze kwanza kwenye mlo wa mjini na boti. Milo ya bibi aiache kama ilivyo.