Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Hospitali ya Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ni mali ya Jimbo Katoliki la Iringa. Hata hivyo iliteuliwa kuwa hospitali ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Kanisa linaiendesha, serikali inachangia watumishi na ruzuku, na shirika la CUAMM la Padova, Italia, limeleta madaktari na misaada. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wafanyabiashara nao wana nafasi yao katika ubia wa namna hii. Tazama m-mama, mpango wa kuwafikisha wajawazito hospitalini wakati wa dharura, ulioanzia Sengerema, ukapitia Shinyanga, na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama akishikwa na uchungu usiku, nduguye hupiga 115 bila malipo. Mpokea simu huuliza hali yake. Gari la wagonjwa likiwa mbali, huitwa dereva wa jamii, mtu wa hapo hapo mwenye gari lake. Akishamfikisha mama, nauli yake huingia kwenye simu. Serikali, Vodacom na asasi ya Touch Foundation walikaa meza moja, na kila upande ukatoa ulicho nacho.

Lakini tusijidanganye. Ubia unaosimama kwa hisani huanguka hisani inapokwisha. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za afya Afrika zikayumba ghafla. Pia, pale wenye mzigo wanapokuwa watatu, ni rahisi kila mmoja kumnyooshea mwenzake kidole: ruzuku ikichelewa, dawa zikiisha, mgonjwa amuulize nani?

Dawa ya hayo ni uwazi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imetupa mkutano mkuu wa kijiji. Humo na isomwe hesabu ya hospitali: halmashauri imeleta nini, kanisa limetumia nini, mfadhili anaondoka lini, na nani atashika nafasi yake.

Enyi viongozi, msifungie mikataba kabatini. Enyi wafanyabiashara wa Iringa, msingoje siku ya kupigwa picha mkikabidhi mashuka. Ingieni kwenye mipango ya miaka. Nawe mwananchi, mkutano ukiitishwa, nenda, uliza, na usiondoke kabla hujajibiwa. Hospitali ni yako, na daftari lake ni haki yako.